Aliyekubali Kupigwa Picha Hakukubali Kuanikwa

Mfungo mosi ukiingia hapa Pwani, harusi huanza, na simu zetu nazo huanza msimu wao. Haupiti muda kabla ya video ya kupamba au ya kesha kutoka ukumbini, ikapita kikundi kimoja cha WhatsApp hadi kingine, na kuishia TikTok, ambako watazamaji ni watu wasiojua hata Kibokoni iko upande gani. Ndani ya video hiyo mna wanawake waliovua mabuibui kwa sababu waliambiwa humo ndani hamna mwanamume. Wametengeneza nywele, wametia asumini, wanacheza na mashoga zao. Kufika asubuhi, mume wa mmoja ameshaona, kaka wa mwingine ameshaona, na mwajiri wa wa tatu amemtumia mwenzake akiuliza kama huyu si yule.

Kinachofuata twakijua sote. Swali la kwanza mitaani huwa ni la aliyeonekana: kwa nini alicheza vile, kwa nini alivaa vile, mumewe amekubali vipi. Aliyeificha simu chini ya mtandio akarekodi haulizwi. Waliosambaza hawaulizwi pia, kwa kuwa ni sisi.

Nataka kutetea jambo moja katika safu hii. Ruhusa ya mtu juu ya mwili wake na sura yake hutolewa kwa kipimo: kwa mahali fulani, kwa watu fulani, kwa muda fulani. Anayevuka kipimo hicho ndiye mwenye kubeba aibu. Jambo hili lilikuwa katika mila zetu kabla simu hazijazuliwa, na sasa limo katika sheria za Kenya. Sisi tumelishika nusu tu. Tumeishikilia sitara kama wajibu wa mwanamke, tukasahau kwamba ni wajibu pia wa macho na mikono ya wengine.

Tuanze na mila, maana kuna wanaodai kuwa maneno haya ya ridhaa na haki juu ya mwili ni bidhaa za kigeni. Nyumba za mji wa kale wa Lamu na Mombasa zilijengwa kwa hesabu ya ruhusa. Mgeni asiyejulikana hupokewa dakani. Aliyezoeleka huingia hatua moja zaidi. Ndani kabisa ni kwa watu wa nyumba. Aliyekaribishwa dakani hakukaribishwa ndani, na hakuna aliyehitaji kuandikiwa hilo ukutani. Hodi nayo ni vivyo hivyo. Hupigwa mara tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka. Mafundisho ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu yamo katika Surat Nur, aya ya 27, na watoto wetu hufundishwa chuoni wakiwa wadogo. Tena kimya cha mwenye nyumba hakikuwahi kuhesabiwa kuwa ni kukubali.

Tuna na msemo wa aibu ya maiti na mwosha wake. Mwosha huona kila kitu, na uaminifu wake wote umo katika kutosema. Maiti hawezi kukataa, hawezi kulalamika, wala hatajua. Lakini mwili wake una heshima, na anayeushika ana deni. Ikiwa hata maiti ana sitara mbele yetu, aliye hai na anayeweza kusema "sitaki" ana haki kubwa zaidi.

Sherehe za wanawake zilisimama juu ya msingi huo huo. Mlangoni husimama kina mama wazima, mikoba hukaguliwa, na siku hizi kadi nyingi za mwaliko huandikwa wazi kwamba simu na kamera hazikubaliwi. Mwanamke anayevua buibui baada ya kupita mlango ule ametoa ruhusa kwa waliomo ndani, kwa usiku ule, basi. Anayerekodi kwa siri huwa amebomoa ukuta wa nyumba ya watu.

Sheria nayo yasemaje? Katiba ya 2010, katika Ibara ya 28, inalinda heshima ya kila mtu, na Ibara ya 31 inalinda faragha. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Watu wengi husikia neno "data" wakafikiria benki na kompyuta, lakini sura yako katika picha, ikiwa inakutambulisha, ni data yako. Sheria hiyo inaeleza ridhaa kuwa ni kukubali kwa wazi, kwa hiari, kwa jambo mahususi, na kwa kuelewa unachokikubali. Pia inampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa aliyoitoa. Yaani aliyesema ndiyo jana anaweza kusema hapana leo.

Si maneno ya karatasini tu. Mnamo Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wakati huo huo Roma School ya Uthiru ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Zingatia kesi ya kwanza. Mteja yule hakuwa amejificha chumbani kwake. Alikuwa mahali pa starehe penye watu na taa. Lakini kukaa mbele za watu hakukumfanya awe tangazo la biashara ya mtu.

Hapa Pwani kesi hizo mbili zinatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Ni madrasa ngapi zinazoweka picha za watoto wa Maulidi na za kuhitimu kwenye Facebook bila mzazi hata mmoja kuulizwa? Ni saluni ngapi na wapambaji wangapi wanaoweka uso wa bibi harusi mtandaoni, ukiwa na maandishi ya bei na nambari ya simu? Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema data ya mtu haitumiki kwa biashara ila kwa ridhaa yake ya wazi, au iwe sheria nyingine imeruhusu. Bibi harusi aliyelipa apambwe amenunua kupambwa. Hakuuza sura yake.

Sasa tuje penye ugumu, maana sheria ina mahali haitufiki. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 ina kifungu chake cha 37 pia, kinachomwadhibu anayesambaza picha za faragha au za uchi za mtu mwingine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ni kifungu chenye manufaa kwa binti ambaye mchumba wake wa zamani anamtishia kwa picha. Lakini mwanamke wa kwetu aliyerekodiwa kichwa wazi akicheza chakacha, je, yuko uchi? Wakili wa upande wa pili atasimama aseme nguo amevaa, na pengine hakimu atakubaliana naye. Kwa mwanamke huyo, ambaye tangu alipobaleghe nywele zake hazijaonwa na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, jawabu ni jengine kabisa. Mpaka wa uchi wake ameuweka mwenyewe, kwa imani yake na malezi yake.

Hapo ndipo ninapoona kwamba suala la ridhaa linatufaa kuliko suala la uchi. Tukiuliza picha ni ya uchi au la, tutabishana juu ya mwili wa mwanamke mpaka kuche, kila mtu na kipimo chake. Tukiuliza aliruhusu au hakuruhusu, jawabu analo yeye peke yake. Sheria ya data haiulizi urefu wa nguo. Huuliza ruhusa iko wapi.

Ni kweli kwamba sheria hiyo ina mlango mdogo wa nyuma. Kifungu cha 51 kinaachilia mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake. Dada yako akikupiga picha kwenye sherehe ya nyumbani akaihifadhi katika simu yake, Kamishna hana kesi naye. Wapo watakaojificha hapo: "Nilimtumia shoga yangu tu." Kwa maoni yangu, mtu akishaiweka video mahali inapotazamwa na dunia nzima, hasa akitafuta wafuasi na pesa, hayo si mambo ya nyumbani tena. Lakini kati ya simu ya dada na TikTok kuna vikundi vya familia, vya mtaa, vya chama na vya wanafunzi wa zamani. Humo ndimo video nyingi hupita, na humo mkono wa sheria ni mfupi. Panapoishia sheria, mila ndiyo inayotakiwa kusimama, na ndiyo tuliyoiacha ilegee.

Ridhaa ina adui mwingine, naye ni shida. Kila Ramadhani tunaziona picha: mama mzee ameshikishwa mfuko wa unga na chupa ya mafuta, nyuma yake bango la mfadhili au la mwanasiasa, na mpiga picha akimwambia atazame huku. Waandalizi watakwambia alikubali. Alikubali akiwa na njaa, foleni ikiwa nyuma yake, na mfuko ukiwa bado mkononi mwa mtoaji. Sheria yetu ya data, katika kuipima ridhaa kama ilikuwa ya hiari, huangalia kama huduma ilifungamanishwa na kukubali huko. Mnakumbuka Worldcoin, Agosti 2023, watu walivyojipanga KICC Nairobi kupigwa picha mboni za macho ili wapate sarafu za mtandaoni zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kushawishiwa na malipo haikuwa ridhaa halali. Kama hilo ni kweli kwa kijana wa Nairobi na mboni zake, ni kweli kwa mama wa Kisauni na sura yake. Sadaka haina risiti ya picha. Mkono wa kulia ukitoa, kamera haina kazi hapo.

Kuna hoja mbili ninazozisikia sana, na zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza yasema: asiyetaka kuonekana ajistiri, na aliyejianika asilalamike. Kwa hoja hii, mwanamke aliyevaa sketi fupi Mama Ngina au pale Pirates siku ya Idd amejitolea mwenyewe kurekodiwa, kuchekwa, hata kuguswa. Tunajua njia hii huishia wapi. Mwaka 2014 wanaume walimvua nguo mwanamke hadharani Nairobi wakidai amevaa vibaya, na mnamo Novemba 17 mamia ya watu wakaandamana mjini humo wakisema mavazi yao ni hiari yao. Bunge likaongeza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, lenye kifungo kisichopungua miaka kumi. Mwaka 2017 wanaume watatu walihukumiwa kifo na mahakama ya Nairobi kwa kumwibia na kumvua nguo mwanamke ndani ya basi mwaka huo wa 2014. Binafsi nina wasiwasi na hukumu ya kifo, lakini ujumbe wa mahakama ulieleweka: nguo za mtu hazimpi mwingine mamlaka juu ya mwili wake.

Na sisi Waislamu wa Pwani tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Mahakama ya Rufaa ilipoamua 2016 kwamba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu shuleni, tulishangilia. Mahakama ya Juu ilipoutengua uamuzi huo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi, tulisononeka. Hoja yetu ilikuwa ipi? Kwamba msichana asilazimishwe kuonyesha asichotaka kionekane. Hoja hiyo haiwezi kuwa haki ya mwenye hijabu peke yake. Anayemvua binti hijabu, anayemvua mwingine sketi na anayemrekodi wa tatu kwa siri wote wamefanya kitendo kimoja: wameamua badala yake. Unaweza kuyachukia mavazi ya mtu, ukamnasihi kwa adabu kama una nafasi hiyo kwake. Kumtungia hukumu kwa kamera si nasaha.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Wasema: tukianza kuomba ruhusa kila mtu, tutawanasa vipi askari wanaopiga raia, matingo wanaowadhulumu abiria, wakubwa wanaoiba? Ni kweli kwamba simu imekuwa shahidi wa mnyonge. Hata matukio yale ya 2014, tuliyajua na tukaamka kwa sababu yalirekodiwa. Sheria yenyewe ya data imeacha nafasi kwa kazi ya uandishi wa habari yenye manufaa kwa umma. Sitaki mtu aziweke chini simu mbele ya dhuluma.

Lakini tutazame kamera imeelekezwa kwa nani. Askari aliye kazini anatumia mamlaka aliyopewa na umma, na umma una haki ya kuona anavyoyatumia. Mwanamke anayecheza kwenye harusi ya mpwawe hana mamlaka juu ya yeyote. Vilevile mlevi aliyelala kando ya barabara, mgonjwa wa akili anayezunguka Marikiti, na kijana aliyefumaniwa akavuliwa shati na umati. Kumrekodi mwenye nguvu ni kumhoji. Kumrekodi mnyonge mara nyingi ni kumwongezea kipigo. Na hata penye dhuluma ya kweli, ushahidi hupelekwa polisi, kwa mwandishi au kwa wakili, na sura ya aliyedhulumiwa hufichwa. Anayeweka video ya binti aliyebakwa kwenye kikundi cha watu mia mbili akisema "tafadhali sambaza apate haki" amembaka heshima yake mara ya pili, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Na haya yote yanazidi uzito sasa, kwa kuwa zipo programu zinazochukua picha ya kawaida ya uso, hata ile ya kitambulisho, zikatengeneza picha ya uchi ambayo haikuwahi kupigwa. Ile kauli ya "angejistiri" imekosa maana. Binti aliyejifunika tangu utosi hadi wayo anaweza kuvuliwa nguo na mtu aliye chumbani kwake na simu. Kinga iliyobaki ni moja: jamii inayokataa kutazama na kukataa kutuma.

Basi tufanye nini? Kwa wenye harusi, kanuni ya simu isiachiwe kadi peke yake. Itangazwe ukumbini, iwepo mikoba ya kuhifadhia simu mlangoni, na wazee wetu makungwi na masomo waiseme kwa sauti kama wanavyoyasema mengine. Mpiga picha wa kike anayekodiwa atiwe kwenye mkataba mfupi wa maandishi: picha ni za nani, zitakaa wapi, na hakuna inayotoka bila bibi harusi kukubali. Wapambaji waulize kabla, na wakiambiwa hapana wasibembeleze.

Kwa wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp, wekeni kanuni moja tu: video ya mtu asiyejua kuwa amerekodiwa inafutwa, na aliyeituma anaambiwa kwa nini. Kwa sisi wapokeaji, video ikikufikia, ikomee kwako. Usiitume hata kwa kusema "ona mambo ya siku hizi," maana huko nako ni kusambaza kwa kilemba cha nasaha. Surat Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana na kusengenyana, na simu haikupewa ruhusa maalumu.

Kwa aliyefikwa, usianze kwa kujificha. Hifadhi ushahidi: picha ya skrini, kiungo, tarehe, nambari iliyotuma. Ripoti kwa mtandao wenyewe ili iondolewe. Unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kudai fidia kwa madhara, na imetaja wazi kwamba maumivu ya moyo nayo ni madhara. Kama ni picha za faragha au kuna vitisho, nenda polisi na ukitaje kifungu.

Kwa waume, baba na kaka, nina ombi moja. Video ya mkeo, bintiyo au dadako ikikufikia, ya kwanza kufanya ni kumuuliza yu mzima, na ya pili ni kumtafuta aliyerekodi. Maji yakimwagika hayazoleki, na picha iliyotoka hairudi yote. Lakini fedheha inaweza kurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyeingia ndani ya nyumba ya watu bila kupiga hodi.